Dhiraa Moja ya Maji

Ukitua Manda kwa mara ya kwanza usihangaike kutafuta teksi. Uwanja wa ndege wa Lamu hauko Lamu. Uko kisiwa cha pili, na kati ya visiwa hivyo viwili pamepita mlango wa bahari usio na daraja. Abiria aliyepanda ndege Wilson asubuhi, foleni ya Nairobi ingali kichwani, hutoka nje ya jengo la abiria akiangaza kulia na kushoto atafute magari. Anachokiona ni njia ya miguu inayoteremka ufuoni, gati iliyonyooka kuingia majini, na boti zimefungwa ubavu kwa ubavu. Ng'ambo ya pili Amu, yaani mji wa Lamu, imejipanga ukingoni kwa kuta zake nyeupe na minara ya misikiti. Ni karibu kiasi cha kumwona mtu anayetembea, ila si karibu kiasi cha kumjua ni nani.

Kila uwanja wa ndege una watu wake wa mlangoni. Kwingine ni wenye teksi, wenye matatu na vijana wa bodaboda. Manda ni mabaharia. Nimevuka pale mara nyingi, na jicho langu limehama kwa kadiri nilivyozidi kuvuka. Mwanzoni nilitazama mji, kama kila mtu. Kisha nikaanza kutazama boti. Siku hizi natazama chini ya miguu yangu, kwenye ile nafasi iliyo baina ya ngazi ya gati na ukingo wa boti. Ni kama dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Wakati mwingine hupungua ikawa shubiri, na wakati mwingine huongezeka ikawa hatua nzima ya mtu mzima. Ndani yake mna maji ya kijani yanayopanda na kushuka. Mtoto huvushwa hapo, na mzee wa magongo, na bibi harusi na sanduku lake, na Mzungu mwenye kamera tatu, na mgonjwa anayerudi kutoka hospitali ya Nairobi akiwa bado na bendeji. Kazi ya usafiri wa uwanja huu imekusanyika humo. Mengine ni maandalizi.

Maandalizi huanzia kwa wenye mikokoteni. Mgeni huona kijana ananyakua masanduku na kuyarundika, akadhani ni pupa ya kazi. Tazama tena. Sanduku gumu na zito linakaa juu ya ekseli, likisogezwa mbele kidogo tu, ili mikono ya mkokoteni isipae wala isimwelemee anayeisukuma. Mifuko laini inajazwa kwenye mianya. Kilicho chepesi na chenye kuvunjika kinapanda juu. Mkokoteni uliopakiwa sawasawa, mwenyewe huushika kwa vidole, anapiga soga huku anateremka. Uliopakiwa ovyo humvuta kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Isitoshe, kijana anapopakia huwa ameshauliza swali moja, "Amu au Shela?", yaani mjini au kile kijiji jirani, na jibu lako limeamua mahali pa sanduku lako, kwa sababu mbele kule mzigo utagawanywa boti mbili tofauti na hataki kupangua masanduku ya juu ili kutoa ya chini.

Swali hilo, ukibahatika, utaulizwa kwa Kiamu chenyewe. Mimi niliitwa pale mara ya kwanza na mzee mmoja aliyesema, "Ndoo! Ndoo!" Nikatazama miguuni pake nikitafuta ndoo. Kumbe aliniambia nije. Kwa Waamu njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo, basi, ni ndoo. Yule mzee alinicheka mpaka gatini, na sijui kama ameacha hadi leo.

Ndani ya jengo la abiria kuna mizani. Ndege ndogo zinazoruka kati ya Wilson na Manda kwa kawaida hudai mzigo usiozidi kilo 15, na mkoba uwe laini, kwa sababu rubani wa ndege ya injini moja hana nafasi ya kubahatisha. Mizani hiyo inaishia mlangoni. Kule gatini hakuna aliye na mizani, ila uzito bado unapimwa, tena unapimwa wa mtu pamoja na mzigo wake, na kipimo ni jicho la nahodha aliyesimama tezini, nyuma ya boti, kana kwamba anatazama mawingu.

Boti ya kuvukia, iwe ya mbao iwe ya faiba, ni chombo chepesi, na ikipakiwa vibaya husema hapo hapo. Uzito ukizidi tezi, omo ya mbele inapanda juu, nahodha haoni mbele, na mashine inahangaika chini bila chombo kwenda. Uzito ukizidi omo, boti inachimba. Wimbi ambalo ingepaswa kulipanda inaliingia, na walioketi mbele wanafika Amu wakiwa wameoga. Ukizidi ubavu mmoja, safari nzima inakwenda kiupande upande, na kila abiria anayeinuka kupiga picha anawashtua wenzake. Wahenga wa pwani walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi wa bara tulifundishwa msemo huo shuleni kama fumbo la maisha, ya kwamba mtu hata azunguke vipi hurudi alikotoka. Kwa baharia ngama ni mahali, wala si fumbo. Ni pale chini katikati ya chombo ambapo maji yaliyopenya hukusanyika yakumbwe. Uzito mkubwa nao unapendeza uwe huko katikati, chini, karibu na ngama.

Taabu ni kwamba uzito mkubwa mara nyingi una heshima zake. Nahodha hawezi kumwambia mama wa watu, "Wewe ni mzito, hamia katikati." Yeye ni mtu wa Amu, mji ambao salamu peke yake humaliza nusu ya mtaa. Kwa hiyo anapanga boti yake kwa adabu. "Mama, njoo huku kwenye kivuli." "Shekhe, hapo utarushiwa maji, sogea kidogo." "Dada, mtoto atalala vizuri zaidi upande huu." Kila mmoja anahama akishukuru. Siku moja nilimwona nahodha akimkabidhi kijana mmoja mnene kipande cha kamba, akamwomba kwa upole aende omo akamshikie. Kijana akaenda, akaishika kamba ile kwa mikono miwili safari nzima, amekaza taya, anajua amepewa amana. Nilifuata kamba kwa macho hadi mwisho wake. Haikufungwa popote. Boti, lakini, ilikuwa imelala juu ya maji sawasawa kama sahani mezani.

Nimewahi kusikia mtu akisema kuvuka kutoka Manda ni jambo dogo, dakika kumi hivi na umefika. Ni kweli, na kushona tundu la kifungo pia si kazi ya siku nzima. Ugumu wa kuvuka uko kwenye kalenda mbili zinazogongana pale. Ndege inafuata jua, maji yanafuata mwezi. Ndege iliyoandikiwa saa nne asubuhi itakuja saa nne leo, kesho na wiki ijayo, Mungu akipenda. Maji kila siku yanachelewa karibu dakika 50, na katika wiki moja yamegeuza kila kitu. Pwani hii, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, asubuhi maji hukupwa mnamo saa nne au saa tano. Ngazi za gati zinabaki uchi, za chini zina utelezi wa ukoga na maganda ya chaza yenye makali, na boti imezama huko chini kana kwamba imo kisimani. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Saa ile ile, abiria yule yule anaweza kupanda boti bila kukunja goti.

Ndiyo maana ukimwuliza nahodha wa Manda leo tarehe ngapi huenda akakutajia ya mwezi mwandamo kwanza, kisha atafute ya Januari na Februari. Kwake tarehe ya Kiislamu ni ya ibada na ni ya kazi pia. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na siku mbili tatu zinazofuata, anajua maji yatakwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Mwezi saba au nane, na mwezi ishirini na mbili, anajua yatakuwa yamelegea. Anapanga tangu usiku: kesho nitafunga upande gani wa gati, nitashushia abiria ngazi ipi kule Amu, na wa Shela nitawafikisha penye gati au nitawaambia wavue viatu washukie mchangani. Mgeni anayeambiwa avue viatu hudhani hiyo ni sehemu ya likizo. Ni hesabu ya mwezi.

Sasa nije kwenye kufika. Hili nililielewa baada ya miaka, na kwa aibu, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Boti inapokaribia gati mara nyingi hupitiliza. Abiria wageni hutazamana. Inakwenda mbele kidogo, inazunguka, kisha inarudi pole pole kana kwamba nahodha amekumbuka kitu. Nilikuwa nikidhani ni mazoea tu, au maringo. Siku moja nilikaa tezini karibu na nahodha mtu mzima, nikamwuliza. Hakunijibu kwa maneno. Alinyoosha kidevu kuelekea mashua zilizotia nanga mbali kidogo. Zote zilikuwa zimetazama upande mmoja, kama watu katika safu ya sala.

Chombo kilichofungwa kwa nanga hugeukia mkondo chenyewe. Anayejua kutazama hana haja ya kifaa, mashua za jirani zinamwonyesha maji yanakokwenda. Na gati haiendewi na mkondo ukiwa mgongoni. Ukiingia hivyo, maji yanakusukuma mbele hata ukipunguza moto, sukani haishiki, na utasimama kwa kugonga. Ukiingia umeukabili mkondo, maji yanaendelea kupita chini ya chombo hata kama gati imesimama tuli ubavuni pako. Sukani inashika. Unaweza kuipa mashine moto kiasi tu cha kulingana na mkondo, ukawa huendi mbele wala nyuma, kisha ukausogeza ukingo kuelekea ngazi kwa kugeuza sukani upana wa kidole. Boti inakwenda kiubavu, kimya, kama mtu anayemsogelea mwenzake msikitini ampishe mwingine nafasi. Hapo ndipo dhiraa inapopatikana. Haipatikani kwa kamba wala kwa vijana kuvutana na nguzo.

Hesabu hiyo haichagui ukubwa wa chombo. Ng'ambo ya bara, huko Kililana, gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na ina urefu wa mita 400. Meli zinazokwenda huko hupokewa na matagi na marubani wa bandari wenye redio. Nao, kabla ya yote, huuliza maji yanakwenda wapi. Nahodha wa boti ya watu kumi na wawili hufanya kazi hiyo peke yake, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine umeshika simu anamjibu mke wake kuhusu samaki.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, mnamo Novemba hadi Machi, mlango huu mara nyingi ni laini na kazi huwa tamu. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, mawimbi ya bahari kuu huingia kupitia mdomo ulio kati ya Shela na Ras Kitau, na upepo ukikutana na maji yanayotoka, bahari husimama wima. Wanaokwenda Amu huhisi kidogo tu. Wanaokwenda Shela ndio wanaokutana nayo. Hapo utamwona nahodha akiliendea kila wimbi kwa pembe, hakati katikati, anapunguza moto kabla ya kilele na kuuongeza bondeni, na mara anaondoka kabisa kwenye njia iliyonyooka akaifuata ile ndefu iliyojikinga. Abiria mwenye haraka hulalamika. Mimi hutazama nguo za kina mama waliopanda pamoja naye. Zikifika kavu Shela siku ya kusi, huyo ndiye nahodha wa kumwekea namba ya simu.

Kuna mkono wa baharia unaomvusha abiria dhiraa ile. Nimeuzunguka kwa makusudi, kwa sababu ndio nilioupenda zaidi.

Kabla ya mkono kuna utaratibu. Mizigo hutangulia kushuka botini, watu hufuata. Mtu akishuka na begi bado limo begani, uzito wake hauko pale anapodhani upo, na mikono yake haiko huru. Baharia anapokuomba begi lako, hata liwe dogo la mkononi lenye pasi na pesa, na wewe ukalikumbatia kwa wasiwasi, anakusubiri. Hakunyang'anyi. Anajua hutashuka vizuri ukiwa umelishika, kwa hiyo anasubiri ujue na wewe. Kisha anasimama. Hasimami ukingoni mwa boti, maana angeuinamisha. Husimama ndani, mguu mmoja karibu na katikati, wa pili umejikita chini ya benchi. Goti limelegea. Mwili wake wote chini ya kiuno unacheza na maji, wote juu ya kiuno umetulia. Ukimtazama kwa muda utaona bega lake halipandi wala halishuki, ingawa boti inapanda na kushuka.

Ananyoosha mkono. Hakushiki kiganja. Kiganja kina jasho, kina krimu ya jua, kina pete, kinateleza. Anakushika kifundo cha mkono, nawe bila kufundishwa unajikuta umekishika chake, na hapo mmefungana fundo ambalo hata mmoja akilegeza mwingine amelikamata. Kisha hakuvuti. Hili ndilo linalomtenganisha baharia na kijana mwenye nguvu tu. Mwenye nguvu atakuvuta, nawe utajikaza, na mtu aliyejikaza huanguka kama gogo. Baharia anasubiri wimbi. Maji hayaji kwa kipimo kimoja. Yanakuja madogo mawili matatu, kisha linapita moja linaloinua, na juu ya lile linaloinua kuna kituo, pumzi moja tu, ambapo boti haipandi tena na haijaanza kushuka. Ukingo umelingana na ngazi. Dhiraa imekuwa shubiri. Anasema, "Sasa."

Haambii mtu aruke. Sijawahi kumsikia baharia mzuri wa Manda akisema "ruka". Anasema "sasa", au "haya", na mguu wako unakwenda wenyewe, katikati ya boti ambako ameshakuonyesha kwa jicho, na unapogeuka kushukuru mkono wake umeshakwenda kwa mwingine. Nilimwuliza mmoja wao anajuaje kile kituo. Alifikiri sana. Akasema anakisikia kwenye nyayo. Viatu ni vya nchi kavu, akaniambia, ukivaa viatu boti haikwambii kitu.

Na kila mtu ana "sasa" yake. Kwa mtoto wanatumia ya mapema zaidi, wanamwinua kwapani wakati boti bado inapanda, ili wimbi lisaidie. Kwa mzee anayeburuta mguu wanaachia mawimbi mawili mazuri yapite bure, wakizungumza naye habari za nyumbani, mpaka wamwone ametulia. Mwanamke aliyevaa buibui refu wanamwachia muda akusanye pindo, nao hutazama pembeni anapolikusanya. Asiyetaka kushikwa mkono na mwanamume, ananyooshewa bega alishike yeye, au fimbo, au mwanawe anasimamishwa katikati awe kiungo. Sijaona hilo limeandikwa kwenye kitabu chochote cha huduma kwa wateja, nami nimesoma viwili vitatu katika kutafuta riziki.

Upande wa Amu kazi inabadilisha mikono. Vichochoro vya mji mkongwe, ule ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, havikujengwa kwa magurudumu mapana. Pikipiki zimefika kisiwani, na kila mwenyeji ana maoni yake kuzihusu, mengine si ya kuchapishwa. Mzigo mzito bado unamjua punda. Na hapo utaona kanuni ya boti imetoka majini ikapanda nchi kavu. Shogi lina mifuko miwili, mmoja kila ubavu, na mpakiaji hodari hamalizi upande mmoja kabla ya kuanza wa pili. Anaweka huku, anaweka kule, huku, kule, kiganja kikiwa juu ya mgongo wa mnyama kusikiliza anakoegemea. Punda aliyepakiwa na mtu huyu hupita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, katikati ya umati bila kumgusa mtu, akageuka kona ambayo wawili wanapishana kwa kuombana radhi. Shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na zahanati yake mjini hapa tangu 1987, na wenye punda hujua kuwa kidonda cha mgongoni huanza na shogi lililoegemea upande mmoja.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauonekani, nao ni wa kungoja. Ndege husikika kabla haijaonekana, na gatini wanazijua kwa sauti. Ile ya injini moja ina mlio wa kuchana, nayo huleta watu kumi na kitu, basi boti moja au mbili zinajinyoosha. Ile kubwa ya injini mbili inayokuja kutoka Nairobi hunguruma chini chini, inaweza kuwa na zaidi ya abiria 70, na gati nzima inasimama. Kati ya mlio mmoja na mwingine hakuna kitu. Watu wanacheza bao, wanakumba maji, wanashona turubai, wanakoroma. Ngoja hiyo iliwahi kurefuka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 iliwekwa amri ya kutotoka usiku, wageni wakatoweka, na waliobaki gatini wakawa wanasikiliza anga isiyo na kitu. Ikarudi tena 2020, ndege za abiria ziliposimamishwa kwa ajili ya korona. Wapo waliorudi kuvua, wapo waliouza mashine ili kulipa karo, wakabaki na boti iliyo kama nyumba isiyo na mlango. Waliorudi gatini baadaye walirudi na nyayo zile zile.

Mara ya mwisho nilipovuka nilikuwa nikirudi kutoka Nairobi siku za bamvua, maji yamekupwa, ngazi zimebaki uchi. Kwenye boti yetu alikuwamo kijana wa miaka kama kumi na sita, ambaye nilishamwona safari mbili zilizopita. Kazi yake ilikuwa kamba na mizigo. Kamba na mizigo, na kukumba maji ya ngamani kwa dumu lililokatwa kichwa, basi. Siku hiyo tulipokwisha kupanda sote alibaki ngazini bibi mmoja mkongwe, mdogo wa mwili, miwani mizito, mjukuu wake akimshika nyuma. Baharia mkubwa alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, mguu chini ya benchi. Nahodha akamwita kwa jina, akatikisa kichwa kidogo, akamwonyesha kijana.

Kijana akaachia kamba. Akavua ndara zake, akazisukuma kando kwa kidole cha mguu. Akasimama. Nilimwona akimeza mate. Akanyoosha mkono, akakishika kifundo cha yule bibi kwa namna ambayo mtu hushika yai, kisha akakumbuka, akakaza kidogo. Wimbi la kwanza likaja, hakusema kitu. La pili likaja zuri kabisa, mimi mwenyewe ningesema, naye hakusema kitu. Nahodha alikuwa anatazama Amu, wala si huku. La tatu likainua, ukingo ukapanda, ukafika, ukasimama.

"Sasa, bibi."

Bibi akaweka mguu, akaweka wa pili, akakaa. Akatengeneza buibui lake, akafungua fundo la leso, akaanza kuhesabu nauli.